WooCommerce na hifadhi mpya ya oda: kasi ipo, ila jaribu malipo kwanza

Habari zenu, watazamaji wangu. Leo nina kompyuta mbele yangu na simu pembeni, na zote mbili zina kazi.

Tazameni kioo. Hili ni duka la mtandaoni la mama yangu mdogo, anauza kanga, madera na vitambaa vya meza hapa Dar es Salaam. Nabofya Orders. Hesabuni pamoja nami: moja... mbili... tatu... nne... tano... sita. Haya, ndiyo kwanza inafunguka. Sasa fikirieni mteja yuko kwenye simu anauliza mzigo wake umefika wapi, na mama mdogo anamjibu, "Subiri kidogo mwanangu, mtandao." Kutwa nzima hivyo hivyo. Na mtandao hauna kosa lolote! Bando lipo, seva ni nzuri.

Duka linatumia WooCommerce, programu ya bure ya kuendeshea duka, inayokaa juu ya WordPress, ile ya kutengenezea tovuti. Ilizaliwa mwaka 2011 mikononi mwa WooThemes, kampuni yenye mizizi yake Cape Town, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic. Na tatizo tunaloliona hapa lilianzia huko huko mwanzoni. WordPress ilitengenezwa kwa ajili ya kuandika makala. WooCommerce ilipokuja, ikaziweka oda kwenye jedwali lile lile la makala, wp_posts, na maelezo yake yote kwenye wp_postmeta. Ngoja nilifungue mlione. Oda moja ya kanga doti mbili: jina la mteja safu yake, simu safu yake, mtaa safu yake, jumla ya pesa safu yake. Shukeni nami... bado... bado ni oda ile ile. Ni kama daftari la duka ambalo ukurasa mmoja una madeni, mauzo na namba ya fundi bomba, halafu mtu anakuuliza, "Amina alilipa lini?" Utalipekua lote.

Dawa yake inaitwa HPOS, High-Performance Order Storage, yaani hifadhi ya oda yenye kasi. Oda zimepewa majedwali yao wenyewe. Nafungua hili hapa, wp_wc_orders: oda moja, safu moja. Anwani zina jedwali lake, mambo ya ndani ya uendeshaji yana lake, na yale ya ziada yana lake. Tangu toleo la 8.2, mwaka 2023, duka jipya linaanza na mfumo huu moja kwa moja. Wenyewe WooCommerce wanasema kuunda oda kunaweza kuwa haraka hadi mara 5, na hatua ya kulipa hadi mara 1.5. Mimi sina maabara, nina duka hili tu. Nakwenda kwenye nakala ya majaribio ambayo nimeshaihamisha. Nabofya Orders: moja... mbili. Mmeona? Seva ile ile, oda zile zile za miaka minne.

Kwa hiyo kuhusu kasi sina ubishi, nimeridhika kabisa. Lakini nisingewasha kamera kwa hilo peke yake.

Ukiingia WooCommerce, Settings, Advanced, halafu Features, utakuta swichi ya kuhamia hifadhi mpya. Chini yake kuna kisanduku cha ulinganifu: ukikiwasha, kila oda inaandikwa kote kuwili, kwenye majedwali mapya na kwenye yale ya zamani. Hapo hapo mfumo unakwambia kama kuna plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, isiyoendana na hifadhi mpya. Kwangu ulisema zote ziko sawa. Nikafurahi.

Nikazima ule ulinganifu makusudi, nikachukua simu, nikanunua leso ya kujaribia. Ombi la PIN likatokea kwenye simu, nikaingiza, pesa ikakatwa, ujumbe ukaja. Nikarudi kwenye kompyuta. Oda imekaa pale pale: inasubiri malipo. Namba ya muamala haipo. Jamani, pesa imetoka, duka halina habari!

Nikafungua msimbo wa plagini ya malipo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Jina lake silitaji. Hii hapa, angalieni mstari huu: update_post_meta. Yaani mtandao wa simu ulileta jibu vizuri, plagini ikalipokea vizuri, halafu ikakimbilia kuandika namba ya muamala kwenye daftari la zamani. Na hatua iliyofuata, ya kuthibitisha, ikaitafuta namba hiyo kwenye daftari jipya, ikakuta patupu. Njia sahihi ni hii: unaiita oda kwa wc_get_order, unaandika ndani yake, unahifadhi. Ukifanya hivyo WooCommerce yenyewe inajua iandike wapi, iwe hifadhi mpya au ya zamani. Mistari mitatu tu.

Mtauliza, mbona mfumo ulisema inaendana? Kwa sababu kuendana ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Anaweka maneno machache kwenye msimbo wake kwamba plagini yangu iko tayari, na WooCommerce inamwamini. Haiingii ndani kukagua. Hili linaniuma, kwa sababu anayeumia ni mama mwenye duka anayemwambia mteja "sijaona malipo yako", na mteja ana ujumbe mkononi.

Kuna ndugu yake tatizo hili, nalipitia haraka. Kuanzia toleo la 8.3 maduka mapya yanapewa kikapu na ukurasa wa kulipia wa bloku, yaani vipande vya kupanga ukurasa ndani ya WordPress. Plagini ya malipo ambayo haijaandikiwa bloku haitoi hata onyo kwa mteja, haionekani tu. Duka la zamani halibadilishwi kwa nguvu, basi kama malipo yako ya simu yametoweka baada ya kutengeneza ukurasa upya, anza kuangalia hapo.

Na kwa wenye maduka ambayo hayajasasishwa muda mrefu: kuna zuri la bure mnalikosa. Zamani ile picha ndogo ya kikapu juu ya ukurasa ilikuwa inaiuliza seva "kuna nini ndani?" hata kwa mtu aliyekuja kutazama tu, na swali hilo kashe, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa tayari, haiwezi kulijibu. Tangu toleo la 7.8 msimbo huo haupakiwi kila ukurasa tena, unapakiwa pale tu kikapu hicho kinapotumika. Anayeingia kwa simu ya bei ndogo ataiona tofauti.

Je, nimehamisha duka la mama mdogo? Nimehamisha, jana usiku, baada ya kuchukua nakala ya akiba na kurekebisha ule mstari. Leo asubuhi nimelipa shilingi 1,000 kwa kila mtandao anaoupokea, na namba za muamala hizi hapa, zote zimekaa mahali pake. Kisanduku cha ulinganifu nimekiacha kimewashwa, ingawa kuandika mara mbili kunakula sehemu ya kasi. Mwisho wa mwezi, oda zikipita bila malalamiko, nitakizima, na nitakizima mbele yenu.