Makocha wa kukodi Tanga: mmoja mchukueni, mwingine mnyweni naye kahawa tu

Kuna watu kila siku wananiuliza kuhusu wale jamaa wawili waliocheza ligi kuu zamani, wanaokodishwa kufundisha timu za vyuo hapa Tanga. Sisi tumekaa nao wiki sita kabla ya mechi za vyuo, na naandika hapa hasira haijaisha vizuri, mnivumilie.

Bei laki nne, siku tatu kwa wiki, saa kumi jioni, tukaambiwa vifaa juu yao. Vifaa vyenyewe mipira minne, mmoja umevimba upande kama boga, koni hakuna, tukawa tunapanga kandambili. Halafu wakaanza kudai hela ya bodaboda kutoka Ngamiani, kitu ambacho hatukukubaliana, na risiti mpaka leo ni "nakuletea mgosi, nakuletea".

Sasa makocha wenyewe. Wa kwanza alikuwa winga, jina kubwa, siku ya kwanza watu walijaa pembeni kumwangalia yeye kuliko sisi. Mguu bado anao, hilo simsingizii, alichonga krosi moja ikamkuta straika wetu kichwani mpaka muuza mihogo akapiga makofi. Haya, mwambie akufundishe hiyo krosi. "Si umeona? Unaupiga tu hivyo." Basi, somo limeisha! Vijana wanapiga mpira unaenda kwenye karai la mihogo, yeye kashaanza stori za Coastal Union walivyobeba ubingwa wa ligi 1988, stori tamu kweli na anakutajia kikosi chote, ila mwenyewe mwaka huo alikuwa darasa la tatu.

Wa pili beki, kitambi mbele, hakimbii, anaongea taratibu kama anaswalisha, na nakiri siku ya kwanza tulimcheka. Siku ya pili akamwita beki wetu wa kulia, dogo mwenye mbio lakini kila mechi anafungiwa mgongoni kwake, anautumbulia macho mpira, winga anapita nyuma. Mzee akamshika mabega akamgeuza nusu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, auone mpira na aone mtu kwa wakati mmoja, akaweka kandambili mbili nyuma yake. Kila mpira ukihamia upande wa pili anaisogeza moja kimya kimya, halafu anauliza, "ya kushoto iko wapi?" Dogo asipojua wanaanza upya. Siku ile walianza upya mara kumi na kitu, dogo karibu alie, wiki ya tatu anajibu bila kugeuka. Sasa hivi chuo kizima kinamwita Kandambili.

Mzee huyohuyo alikuwa anaturekodi kwa simu, mazoezi yakiisha anamwonyesha kila mtu kosa lake yeye na sio la timu. Mwalimu wetu wa michezo, ambaye anafuatilia sana besiboli, akasema huyu ni Tony Gwynn wa Tanga. Ikabidi atuelezee: Gwynn alicheza timu ya besiboli ya Marekani, San Diego Padres, misimu 20, 1982 mpaka 2001, akapiga hiti 3,141 (yaani mipira aliyoipiga akafika salama kituo cha kwanza au zaidi), akawa kinara wa wapigaji wa ligi yake mara nane, na alikuwa anajirekodi kwa mikanda ya video tangu miaka ya 80 aone mikono yake inakosea wapi. Alipostaafu akarudi kufundisha chuo alichosoma, San Diego State, mpaka alipofariki 2014. Ndo nikaelewa kwa nini winga wetu hana cha kufundisha, krosi ilimjia yenyewe, hakuwahi kukaa akajiuliza inatokaje. Beki hakuwa na mbio, ilibidi ajue asimame wapi.

Mechi ya kwanza tulitoka 1-1 na chuo kilichotupiga 4 mwaka jana, goli letu la kichwa cha kona, lao penalti ya kipuuzi ya kipa wetu. Upande wa Kandambili hakupita mtu.

Kwa hiyo ukiwapigia sema unamtaka beki peke yake, watakuambia wanakuja wawili, kataa. Nauli iandikwe kabisa, na muulize kila mmoja ana leseni gani, hata D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, maana kucheza ligi sio leseni. Mipira njoo na yako na uihesabu jioni, sisi wetu mmoja mpya namba 5 uko kwenye buti la gari la winga wiki ya pili hii.