TAHADHARI: "Darasa la andiko la utafiti ndani ya siku 14", nimeliwa 350,000 na sasa natishiwa

Ndugu zangu mnaosoma shahada ya uzamili, hasa walimu wenzangu mnaosoma huku mkiwa kazini, nawaomba mnisome mpaka mwisho. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili akitangaza darasa la mbinu za utafiti na uandishi wa andiko, yaani mpango wa utafiti unaoupeleka chuoni kabla ya kuanza utafiti wenyewe. Tangazo linasema "siku 14, kutoka mada mpaka kutetea, likikataliwa tunarudisha hela". Mimi nililipa 200,000 ya kuanzia, kisha 150,000 nilipopokea kazi. Hela imeniuma, lakini kuna lililoniuma zaidi, nitalieleza.

Namba zake anabadilisha, kwa hiyo mshikeni kwa mwenendo wake. Anajitambulisha kuwa mhadhiri wa chuo kikubwa ila idara hataji. Picha yake amevaa joho. Ukituma hela, jina linalotokea kwenye muamala si lile analojiita. Nilimuuliza, akasema ni la mke wake, ndiye anayeshika hesabu. Nikakubali.

Nieleze kwa nini niliingia, maana najua wengi mko nilipokuwa. Somo la mbinu za utafiti tulifundishwa Jumamosi, na Jumamosi nne nilikosa nikisimamia mitihani ya moko shuleni kwangu. Mtihani wa somo nilifaulu. Lakini kufaulu mtihani wa mbinu za utafiti ni kitu kimoja, kukaa mbele ya ukurasa mtupu uandike tatizo lako la utafiti ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa na mada tu: utoro wa wanafunzi katika shule za sekondari za kata wilayani Kilosa. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia kurasa mbili zilezile mara tatu. Tangazo lilinikuta katika hali hiyo.

Jioni mbili za kwanza kwenye Zoom alifundisha kweli, na nitasema ukweli, alifundisha vizuri. Alituambia utoro ni mada, na kwamba tatizo la utafiti ni kile ambacho bado hakijulikani kuhusu huo utoro, mahali fulani, kwa watu fulani. Niliandika kwenye daftari langu. Baadaye nilifungua slaidi alizotutumia, nikaona kiboksi cheupe pembeni kila ukurasa. Nikakibofya, kikasogea. Chini yake kulikuwa na nembo ya chuo cha nchi nyingine na jina la mhadhiri mwingine. Yaani hata hicho kizuri alichotufundisha kilikuwa cha mtu.

Siku ya tatu akasema darasa limekwisha, sasa kila mtu anaingia "kliniki" peke yake. Kliniki yenyewe ni hii: unamtumia mada, anakuandikia. "Mwalimu, wewe una kazi na familia, ngoja nikunyooshee, utasoma tu ujue kilichomo." Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka. Nilijua kwamba kuandikiwa ni kosa chuoni, nikajiambia kwamba ananisaidia tu kupanga. Wewe unayesoma hili, neno "nikunyooshee" likitamkwa, funga simu.

Faili lilikuja baada ya siku tisa, kurasa 43. Kwa macho lilikuwa zuri sana, lina yaliyomo, orodha ya majedwali, bajeti, kila kitu. Nililisoma haraka usiku mmoja nikalipeleka. Msimamizi wangu alilisoma kwa wiki moja, akaniita ofisini. Alikuwa amefungua ukurasa wa 17. Katikati ya aya kuhusu Kilosa kulikuwa na "ofisa elimu wa kaunti ndogo". Sisi Tanzania tuna mikoa, wilaya na kata, kaunti ni za Kenya. Tapeli alibadilisha majina ya mahali kwenye andiko la mtu wa huko, hilo likamponyoka.

Msimamizi akageuza kwenye nadharia. Andiko langu la utoro lilisimama juu ya modeli ya kukubali teknolojia ya Fred Davis, ya mwaka 1989. Modeli hiyo inaeleza kwa nini mtu anakubali au anakataa kutumia mfumo wa kompyuta: anauona una manufaa, anauona rahisi. Inahusiana vipi na mtoto wa Kilosa anayeacha shule kwenda kulima? Bila shaka andiko mama lilihusu kompyuta shuleni.

Kisha akaniuliza swali ambalo bado nalisikia. "Mwanangu, hii 384 umeipataje?" Andiko lilisema walengwa ni 1,200 na sampuli, yaani watakaohojiwa kwa niaba ya wote, ni 384, kwa fomula ya Yamane ya kukokotoa sampuli: walengwa gawanya kwa 1 jumlisha walengwa mara kosa linaloruhusiwa lililozidishwa kwa lenyewe. Nilinyamaza. Akachukua kalamu akanionyesha nyuma ya karatasi yangu mwenyewe: kosa linaloruhusiwa ni asilimia 5, yaani 0.05, ukiizidisha kwa yenyewe ni 0.0025, mara 1,200 ni 3, jumlisha 1 ni 4. Halafu 1,200 gawanya kwa 4. Ni 300. Na ukitumia jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, kwa watu 1,200 ni 291. Ile 384 ni ya walengwa wengi mno, laki na kuendelea. Hesabu ya dakika moja, na mimi ni mwalimu. Hiki ndicho kilichoniuma kuliko 350,000: nilikaa mbele ya kazi yenye jina langu nikashindwa kuijibia.

Niliporudi nyumbani nilikagua marejeo. Makala nyingi za kitaaluma zina namba inayoitwa DOI, ukiiingiza kwenye tovuti ya doi.org inakupeleka kwenye makala yenyewe. Niliingiza ya kwanza, haikuwepo. Ya pili ikafungua makala ya ufugaji wa samaki. Katika marejeo 52 niliyapata 19 tu, na mengi kati ya hayo hayakusema kile andiko lilichodai yanasema. Fanyeni zoezi hili kabla hamjalipa mtu yeyote shilingi ya mwisho. Chukua marejeo matano bila kuchagua, yatafute.

Suala la Turnitin, mfumo wa kompyuta ambao vyuo hutumia kupima kama kazi imenakiliwa, naomba mlisome polepole, kwa sababu hata anayejiandikia mwenyewe linamkamata. Tapeli alinipa ripoti ya mfumo huo inayoonyesha mfanano wa asilimia 6, nikatulia. Akaunti za Turnitin hupewa vyuo na taasisi, kwa hiyo mtu wa mtaani anayekukagulia kwa elfu kumi anatumia akaunti ya chuo ambacho wewe si mwanafunzi wake. Asipozima uhifadhi, kazi yako inabaki kwenye hazina ya mfumo. Siku chuo chako kikiipakia, mfumo unaikuta tayari imo, unaihesabu kuwa imenakiliwa. Yangu ilisoma asilimia 94. Unaweza kuandika kila neno kwa mkono wako na bado ukaonekana mwizi, kisa ulitaka uhakika mapema. Muulize msimamizi au mkutubi wa chuo chako akukagulie. Usimpe mtu baki faili lako.

Nilimwandikia tapeli nikidai hela kama alivyoahidi. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akajibu kwa namba nyingine, akiambatisha picha za mazungumzo yetu na jina langu kamili, chuo changu na namba yangu ya usajili, vyote nilimpa mwenyewe "kwa ajili ya ukurasa wa jalada". Akataka 250,000 nyingine, la sivyo anapeleka kila kitu kwa mkuu wa kitivo. Hii ndiyo biashara yake hasa. Andiko ni chambo. Ukishapokea kazi ya kuandikiwa, anakushika kwa aibu yako, na anajua huwezi kwenda kushtaki bila kujitaja.

Mimi sikulipa. Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza yote kabla tapeli hajapeleka. Nimepewa onyo la maandishi, na nimesogezwa muhula mmoja. Nimekwenda polisi nimepewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na ujumbe wa tapeli nimeutuma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Baada ya hapo tishio limekosa nguvu, kwa sababu hakuna tena la kufichua.

Watu wa kukufundisha wapo, na wengine wanalipwa kihalali. Mwalimu wa kweli atakuuliza wewe umesoma nini, atakurudishia sentensi yako imechorwachorwa, na hatakubali kushika kalamu yako. Mkutubi wa chuo chetu alinifundisha bure, kwa saa moja na nusu, jinsi ya kutafuta makala na kuyapanga kwa Zotero, programu ambayo hailipiwi. Sikuwa nimewahi kuingia kwenye chumba chake tangu nisajiliwe. Sasa sisi watano tunakutana Jumapili alasiri, kila mmoja analeta aya moja ya tatizo lake la utafiti, wengine wanamuuliza "unajuaje?" mpaka achoke. Yangu imepita mikono hiyo mara sita.

Kama umemlipa na anakutishia, niandikie faraghani. Tuko watatu mpaka leo, tumeunganisha namba alizotumia na majina yaliyotokea kwenye miamala, na yote tunayapeleka kwenye RB ileile. Usifute mazungumzo yenu, na risiti za miamala zihifadhi.