Kipimo cha methailesheni baada ya HPV, mimi nakipa nyota nne

Wanawake wenzangu, nilipima HPV, vile virusi vinavyoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi, ikasoma pozitivu nikalia usiku kucha, hiki kipimo cha pili cha methailesheni ndo kimenituliza. Kuwa na HPV sio kwamba tayari una saratani ya shingo ya kizazi, kwa wengi virusi vinaondoka vyenyewe, ila hiki kinaangalia jeni kama FAM19A4 na miR124-2 zimegandwa na vialama vya methaili (vijikemikali vidogo vinavyojishika kwenye jeni) kiasi gani, maana vikijaa jeni inazimwa na hapo seli ndo zinaweza kuharibika. Sampuli nilichukua mwenyewe kwa kibrashi, haiumi kabisa. Nyota moja nimekata sababu mhudumu alinipa majibu bila kunielezea chochote, jamani mtu anatetemeka! Yangu negativu, yaani vialama havijajaa, ila kurudi kupima nitarudi tu.