Source Extractor: ya bure, ina mbio, ila haina huruma

Naanza na aibu yangu. Mara ya kwanza kuiendesha programu hii, inayotafuta nyota na galaksi kwenye picha za anga na kupima mwanga wake, iliniletea nyota ya magnitudo (kipimo cha mng'ao) -7.5. Zuhura yenyewe, siku inayong'aa kuliko zote, haifiki hata -5, na kwenye kipimo hiki namba ikishuka ndiyo mwanga umezidi. Nikaanza kujiona mgunduzi. Kumbe MAG_ZEROPOINT, namba ya kuanzia ya kipimo hicho, nimeiacha kwenye 0 kama ilivyokuja! Picha zangu zilikuwa za Sloan, mradi wa kupiga picha anga, zile za darubini ya mita 2.5 kule Apache Point, New Mexico, nazo huja tayari kwa kizio cha mwanga kiitwacho nanomagi, kwa hiyo pale hukaa 22.5. Nikaijaza, nyota ikarudi 15. Kanyota ka kawaida tu.

Hivyo ndivyo ilivyo. Ukiilisha upuuzi, inakutolea upuuzi uliopangwa vizuri kwenye safu.

Iliandikwa na Emmanuel Bertin na Stéphane Arnouts, ikatangazwa 1996, na umri unaonekana: hakuna vitufe, ni terminali tupu. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install source-extractor, umemaliza. Kazi iko kwenye mafaili yake ya mipangilio. Faili la default.conv, lenye kichujio cha kulainisha picha, lisipokuwepo kwenye folda, inagoma. Jioni yangu ya kwanza iliishia hapo.

Kwa mbio, sina neno. Laptopu yangu ni ya RAM GB 4, na picha nzima ya Sloan, pikseli 2048 kwa 1489, inaisha kabla feni haijaamka.

Sasa kupima kwenyewe. Nyota ni rahisi: chora duara, jumlisha mwanga uliomo, toa mwanga wa anga. Kuwa macho tu kwamba PHOT_APERTURES, ukubwa wa duara hilo kwa pikseli, ni kipenyo, si nusu yake. Ile 5 inayokuja nayo, kwa pikseli za Sloan za sekunde 0.396 za tao (sekunde ya tao ni digrii 1 kugawa kwa 3600), ni kiduara cha sekunde 2 hivi, na mwanga wa nyota unamwagikia nje. Galaksi ndiyo yenye mambo, maana haina ukingo; inafifia tu kama moshi wa jikoni. MAG_AUTO huichorea kila moja yai lake kwa mbinu ya Kron, kubwa au dogo kulingana na mwanga ulivyotawanyika. Mwanga kidogo wa pembeni hubaki nje, lakini kwa galaksi ndogondogo mimi nimeridhika.

Kubwa ndizo zilinitoa jasho. Nilipoipa galaksi M61 ya kundinyota la Mashuke, iliikatakata kama nyama ya mishikaki: kipande cha mkono huku kikaitwa kitu kimoja, doa la nyota changa kule kitu kingine. Tena BACK_SIZE ya 64, yaani vyumba vya pikseli 64 vya kukadiria mwanga wa anga, ikaudhania mwanga wa galaksi yenyewe kuwa ni anga, ikautoa, wakati M61 inatandaza pikseli mia kadhaa. Dawa niliyoipata: kwa kuwa anga ya picha hizi imeshatolewa, niliweka BACK_TYPE kuwa MANUAL na BACK_VALUE 0, kisha nikaipandisha DEBLEND_MINCONT, kiwango cha kutenganisha vitu vilivyogusana, kutoka 0.005 hadi 0.1. Vipande vikaungana, ukiacha vichache vikaidi.

Safu ya makosa, MAGERR, usiitazame kabla hujajaza GAIN (elektroni ngapi kwa kila hesabu moja ya picha). Ikibaki 0, programu inapuuza kuyumba kwa nasibu kwa mwanga wa kitu chenyewe, na nyota ang'avu zinapata makosa madogo ya kuchekesha. CLASS_STAR nayo, inayosema 1 ni nyota na 0 ni galaksi, nzuri kwa vitu ving'avu. Vikififia inakaa kwenye 0.5 kama mtu anayeogopa kupiga kura.

Wanafunzi wangu wa kidato cha 5 sitawapa hii. Wao nimewawekea Aperture Photometry Tool, ambayo unabofya nyota na duara unaliona kwa macho. Source Extractor naibakisha kwangu, kwa usiku ambao nina picha 40 na sitaki kubofya hata moja.