Johnny English kibanda umiza Ngarenaro, jero yangu imelipa

Wikendi nimerudia Johnny English ile ya kwanza ya 2003, vichekesho vya jasusi wa Uingereza, kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea muvi) kimoja Ngarenaro hapa Arusha, jero (mia tano) tu mlangoni, benchi la mbao, hewa hakuna. Home nilishaicheki peke yangu nikaiona ya kawaida sana ila ukiiangalia na watu ni muvi nyingine kabisa aisee.

Kwanza hakuna anayemjua Johnny English, Rowan Atkinson huku ni Mista Bin hata avae suti na kuendesha Aston Martin. Vile vijembe vya kuwachamba Wafaransa, John Malkovich, yule adui Mfaransa anayetaka kiti cha ufalme wa Uingereza, anavyobana pua na Kifaransa chake cha kuigiza, vilipita hivihivi, ugomvi wao sisi unatuhusu nini? Muvi iliingiza kama dola milioni 160 dunia nzima na Marekani ni 28 tu, sidhani kama hao wengine wote walienda kucheka Wafaransa. Ila malkia wa Uingereza alivyosaini kuachia kiti kisa kambwa kake kameelekezewa bastola, kibanda kililipuka, mzee mmoja anajipiga goti "nchi nzima kwa ajili ya mbwa!", halafu akakumbushia kwamba malkia huyohuyo ndo alikuwa malkia wetu Tanganyika mpaka Desemba 1962, tukaanza upya.

Penye ukakasi ni makaburini. Johnny anavamia msiba wa kweli akidhani ni geresha, anawafokea wafiwa, machalii wanacheka ila wamama wawili nyuma yangu kimya, mmoja akasema "msiba hauchezewi jamani" na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakunja uso. Aliyeokoa ni DJ aliyeitafsiri muvi kwa Kiswahili. Yule msaidizi Bough, ambaye ndo mwenye akili pale, kampa lafudhi ya chalii wa Unga Limited, mtaa wa hapahapa Arusha, na anapokuja kudanganya wafiwa kwamba bosi wake ni mgonjwa wa akili katoroka, DJ akasema "samahanini wazee, huyu katoroka Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Mama aliyelalamika ndo alicheka mpaka kitenge kikamvuka begani. Hiyo kwenye Kiingereza huipati.

Kasoro zipo, spika moja inakoroma na ukikaa nyuma ya nguzo umeumia. Halafu Johnny ananing'inia na waya juu ya watu kanisani agombanie taji, umeme ukakata. Tumekaa gizani kama dakika ishirini wakihangaika na jenereta, hakuna aliyetoka wala kudai jero yake.