Tahadhari: Kadi za Bima ya Afya Zinazouzwa Vikundini kwa Shilingi 90,000

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana fedha, katika mtaa mmojawapo wa Manispaa ya Morogoro, na sehemu ya lawama ya jambo hili ni yangu, kwa sababu mtu ninayewatahadharisha juu yake aliketi kwenye benchi letu la kikao kwa ruhusa yangu. Kaya 19 za kikundi chetu zilimlipa shilingi 90,000 kila moja kwa ajili ya bima ya afya ambayo haipo popote. Hajakamatwa hadi leo, na kwa kuwa vikundi kama chetu viko kila mtaa, naeleza namna alivyofanya hatua kwa hatua ili atakapofika kwenu mumtambue kabla hajafungua begi.

Alifika siku ya kikao, saa ile ile tunapokusanya hisa, yaani wakati fedha ziko mezani. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu, aliyewaamkia wazee mmoja mmoja, akiwa na kishikwambi mkononi na kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya bluu. Kitambulisho hicho kilikuwa kimegeuka nyuma muda wote wa saa mbili alizokaa nasi, na miongoni mwa watu wazima zaidi ya 20 hakuna aliyemwomba akigeuze. Alisema ametumwa kuandikisha kaya mapema kwa ajili ya bima ya afya kwa wote, kwamba kila kaya italazimika kujiunga, na kwamba wanaojiandikisha kupitia vikundi wanapata punguzo litakaloisha mwisho wa mwezi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, tumeisikia redioni mara nyingi, kwa hiyo maneno yake yaliangukia kwenye masikio yaliyokwisha kuandaliwa.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa kwenye bei, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo tuliponasia. Wengi wetu tunazijua bima mbili kwa majina tu. Kuna CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa huku kwetu kaya ya watu wasiozidi sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ifuate ngazi za rufaa. Kisha kuna Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine. Baadaye mfuko huo ulifungua milango kwa watu binafsi, kwa viwango ambavyo mama muuza vitumbua hawezi kuvitoa kwa mkupuo. Kijana huyu alichukua jina huku na ahadi kule. Juu ya kadi zake pameandikwa CHF, lakini mdomoni alitaja hospitali kubwa za Muhimbili, KCMC na Bugando kana kwamba ni jirani zetu. Anayejua shilingi 30,000 aliona kwamba 90,000 ni bei ya kadi iliyopandishwa daraja. Anayejua viwango vya NHIF aliona amepata kitu cha bure. Kila mmoja alijidanganya kwa kile kidogo anachokijua, na kijana hakulazimika kusema uongo mwingi.

Jambo la pili alilolitumia ni muda wa kusubiri. Bima za kweli mara nyingi huwa na kipindi ambacho mwanachama mpya husubiri kabla ya kuanza kutibiwa, naye akatuambia kwamba kadi zetu zitaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Siku hizo 30 ndizo alizozihitaji kuondoka Morogoro. Tulipogundua, namba yake ya simu ilikuwa haipatikani.

Ugunduzi wenyewe ulikuja kwa njia mbaya. Mtoto wa mwanachama mwenzetu, mwenye umri wa miaka tisa, alishikwa na homa ya matumbo wiki ya sita, na mama yake akaenda kituo cha afya akiwa na kadi na nauli tu, kwa kuwa ndivyo mtu mwenye bima anavyokwenda. Mhudumu wa mapokezi aliingiza namba ya kadi mara tatu, kisha akaigeuza kadi, akaisoma na kumwonyesha kitu ambacho sisi sote tulikuwa tumekitazama bila kukiona: kadi inaisha muda wake tarehe 30 Februari. Nilipofika nyumbani nilitoa ya kwangu kabatini. Jina la mume wangu limeandikwa sawasawa, picha imekaa vizuri, plastiki inang'aa, na tarehe ni hiyo hiyo, 30 Februari.

Mama yule alilipia kumwona daktari, vipimo, dripu na dawa za siku zote alizolazwa mtoto, jumla shilingi 148,000. Aliuza magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa akiba ya chakula hadi mavuno, kwa bei ya mtu anayejulikana kwamba ana shida, na kiasi kilichobaki akakopa kikundini kwa riba. Ningependa watu waielewe hasara hii kwa ukamilifu wake, kwa sababu ni kubwa kuliko ile 90,000. Kaya isiyo na bima huwa na namna yake ya kujihami: kuku kadhaa, noti zilizofichwa kwenye kopo, deni lisilodaiwa upesi kwa jirani. Kaya iliyouziwa bima hewa huacha kujiwekea akiba hiyo kwa sababu inaamini imeshalipa, hivyo ugonjwa unapobisha hodi unaikuta haina kadi wala kopo.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha mzee wetu mmoja mwenye miaka 67, anayetumia vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Kwa mujibu wa sera ya afya, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali baada ya kutambuliwa na uongozi wa mtaa au kijiji chake, kama ilivyo kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Mzee huyu hakuwa amewahi kufuatilia utambulisho huo. Akauziwa kwa shilingi 90,000 kitu ambacho, japo dawa hukosekana mara nyingine, ni haki yake bila senti.

Sasa kuhusu malipo. Fedha za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi tunaiita kontroo namba, na hazitumwi kwenye simu ya mtu. Kijana alipokea kwa simu yake akidai mfumo uko chini na kwamba angetulipia kwa pamoja jioni. Mwanachama mmoja alikataa, akasema hatoi hela bila kontroo namba, nasi tukamwona msumbufu. Kijana hakubishana, baada ya dakika chache alimtumia namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, sawa kabisa na za kweli, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ni ankara ya mtu mwingine, ya kitu kingine. Alipoiingiza, simu ilimwonyesha jina la taasisi ya serikali isiyohusika na matibabu hata kidogo, lakini yeye alitazama kiasi tu, akaweka namba ya siri. Kwa hiyo kuwa na kontroo namba hakutoshi. Soma jina la anayelipwa linalotokea kabla ya kuthibitisha, na kama si halmashauri yako au mfuko unaoujua, futa muamala.

Wapo watakaosema kwamba wao hawawezi kutapeliwa kwa kuwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huufuta kila siku bila kuusoma. Mimi pia huufuta. Huyu hakutuma ujumbe, alikuja na kuketi, akanywa chai yetu.

Yapo pia ambayo bado hatujajua mwisho wake. Alipiga picha vitambulisho vyetu vya taifa, kadi za mpiga kura na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Baadaye tuliambizana kila mtu apige *106# ili kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na wanachama wawili walikuta laini wasizozifahamu. Yeyote aliyemkabidhi mtu wa namna hii namba yake ya NIDA afanye hivyo leo, na akikuta laini ngeni aende kwenye ofisi ya kampuni husika ya simu kuifungia.

Atakapokuja kwenu mtu anayeandikisha bima, mwambieni kikao kitaendelea naye baada ya kupita ofisi ya mtendaji wa mtaa na kurudi pamoja na mtu anayefahamika pale. Mwandikishaji wa kweli wa CHF hatasumbuka, kwa sababu utaratibu wake huanzia huko huko. Akidai ni wa NHIF, ofisi za mfuko zipo mikoani na mtu anaweza kwenda mwenyewe kuuliza vifurushi na viwango vya wakati huo. Akidai ni wakala wa kampuni binafsi, awe na leseni inayotambuliwa na TIRA, yaani mamlaka inayosimamia biashara ya bima nchini. Na ikiwa umeshapewa kadi, usisubiri kuugua: ipeleke zahanati ukiwa mzima, omba namba iangaliwe kwenye mfumo. Ni kazi ya dakika tano.

Sisi tumefungua jalada polisi na kupewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, na namba ya simu iliyopokea fedha tumeituma kwenda 15040, ambako TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa za namba za matapeli. Aliye na kadi yenye tarehe 30 Februari asiitupe wala kuichana kwa hasira, kama alivyofanya mume wangu kwa ya kwetu, bali aiambatanishe na ujumbe wa muamala wake na kuipeleka kituo cha polisi kilicho karibu. Katika kadi 19 tulizouziwa, tulizoweza kukabidhi kwa mpelelezi ni 11 tu.