Bangili ya Bawaba: Uzoefu Wangu wa Mafunzo ya Usonara Tanga

Mama yangu aliacha kuvaa bangili tangu viungo vya vidole vyake vilipoanza kuvimba, kwa sababu bangili isiyofunguka ni lazima ipite kwanza kwenye kiganja ndipo ifike kwenye kifundo cha mkono. Kwa ajili yake nilijiandikisha katika mafunzo ya Jumamosi nne kwenye karakana moja ya sonara huku Ngamiani, kwa ada ya shilingi 180,000, nikikusudia jambo moja tu: kumtengenezea bangili ya fedha yenye bawaba.

Kukunja bati la fedha na kulisugua kwa tupa hujifunza mtu kwa siku moja. Kazi yenyewe ni bawaba. Hutengenezwa kwa vipande vya mrija ambavyo idadi yake ni witiri, vitatu au vitano, ili upande mmoja wa bangili ushike vya pembeni na upande wa pili ushike vya kati, kisha pini ipite ndani ya vyote. Miisho ya vipande isiposuguliwa ikawa sawasawa, bawaba hucheza. Ninampongeza sana fundi kwa kutotuachia tuguse fedha kabla ya kila mmoja kumaliza bawaba tatu za shaba nyekundu, kwa kutumia mrija mwembamba ule ule wa mafundi friji.

Bawaba yangu ya kwanza iliganda kabisa, kwa kuwa lehemu ikiyeyuka hukimbilia palipo na joto zaidi na hupenya kila mwanya ulio safi. “Usiwe na pupa na moto, mwanangu,” fundi aliniambia, kisha akanionyesha namna ya kupaka tope laini la udongo mwekundu kwenye maungio yasiyotakiwa kushikana, kushikiza kila kipande kwa chembe ndogo ya lehemu, na baada ya hapo kuzitenganisha pande mbili ili kila moja ilehemiwe peke yake. Pini huingizwa mwisho, kazi ya moto na ya asidi ya kusafishia fedha iliyochomwa ikiwa imekwisha. Mwenzetu mmoja alitumbukiza koleo ya chuma kwenye asidi iliyokwisha kutumika, na fedha yake ikatoka nyekundu, maana chuma huifanya shaba iliyoyeyuka humo igande juu ya fedha.

Yapo yaliyonisikitisha. Tulikuwa wanafunzi saba kwa kichomeo kimoja cha gesi, na Jumamosi ya pili nilisubiri zamu yangu karibu saa nzima. Tangazo lilisema vifaa vyote vimo ndani ya ada, lakini wiki ya tatu tukaambiwa kwamba fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000, tutainunua wenyewe kwa uzito, jambo ambalo lilistahili kusemwa siku ya kwanza. Kifungo cha bangili nacho kilifundishwa haraka mno, na changu kilikuwa kilegevu hata nikalazimika kuongeza mkufu mfupi wa usalama.

Hata hivyo mama ameivaa bangili yake, na huifungua na kuifunga mwenyewe bila kuomba msaada. Kwa ubora wa mafundisho ya bawaba ningelipa ada ile tena. Anayetaka kujiunga aulize mapema bei ya fedha, na anunue nyembe za msumeno za akiba, kwani mimi nilivunja kumi na moja siku ya kwanza.